Antena Kwenye Mti wa Leta

Mwezi huu nilikuwa nimeahidi kuandika juu ya mitihani, lakini mitihani itangoja kidogo. Kuna jambo limetokea Mbugangari, pale ambapo baadhi ya jamaa zetu waliotoka kambini wamepanga nyumba, na maneno yake yamefika hapa kambini yakiwa yamegeuzwa mara kumi. Wengine wanasema ni bomu lilionekana. Wengine wanasema ni majasusi. Mimi nilikuwepo, basi niwaambie nilichoona.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, siku ya umuganda. Kazi iliyopangwa ilikuwa kuzibua mtaro uliojaa mchanga na yale mawe meusi ya volkano, halafu kupunguza matawi ya mikaratusi iliyo kando ya uwanja. Uwanja ule si wa mtu, ni wa leta. Baba mmoja alipanda mti na panga lake. Alipofika karibu na kilele akanyamaza, kisha akashuka polepole bila kukata hata tawi moja. Akasema, "Huku juu kuna chuma."

Kilikuwa bomba la aluminiamu la urefu wa mkono na nusu, limefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Waya mweusi ulishuka nao kwenye ganda la mti, ukapita chini ya ukoka, ukafuata ua hadi kwenye kibanda cha matofali ambacho zamani kilikuwa stoo. Ndani kulikuwa na batri ya gari, na bidon ya njano iliyokatwa mdomo, na ndani ya bidon kulikuwa na kitu kama redio iliyovuliwa nguo: bodi, nyaya, na feni ndogo ya kompyuta ikizunguka. Watu walirudi nyuma. Wanawake wakaita watoto. Mnajua kutoka pale hadi mpakani, kule Petite Barrière, si mbali, ni mwendo wa miguu. Chuma kilichofichwa juu ya mti karibu na mpaka hakichekeshi mtu.

Mkuu wa umudugudu hakupiga kelele. Aliuliza mara moja tu, "Hii ni ya nani?" Kimya. Alikuwa ameshatoa simu mfukoni pale kijana mmoja alipopita katikati ya watu. Namfundisha Jumamosi mchana, ana miaka 17, ni mpole kuliko wote darasani. Hakumwangalia mkuu, aliniangalia mimi.

"Mwalimu, nisamehe. Ni yangu. Si kitu mbaya. Nilikuwa nasoma tu majina ya batu banatafutana."

Hapo ndipo nilipoelewa, na miguu ikaniisha nguvu. Kumbe ile redio ndogo ya jioni ilikuwa yake! Nakiri mbele yenu: niliisikia mara mbili kwenye simu, nikadhani ni moja ya redio ndogo za Goma, maana Mbugangari redio za Goma zinaingia kama ziko chumba cha pili. Kwaya kidogo, halafu sauti ya kijana inayosoma polepole: mama fulani aliyetoka Sake anamtafuta mtoto wake wa miaka 9, ana kovu kwenye paji la uso, walipotezana barabarani siku zile za mwisho wa Januari 2025 vita vilipofika Goma, aliye naye amlete kwenye nyumba fulani, nyuma ya duka fulani. Tangazo la kwanza kabisa lilikuwa la nyumbani kwao. Mama yake anamtafuta mdogo wake mpaka leo. Baadaye majirani wakaanza kuleta vikaratasi. Nilivihesabu mwenyewe: 23.

Sasa mtu atauliza, kosa liko wapi? Mtoto anasaidia watu. Hata mimi jioni ile ndivyo nilivyoongea, tena kwa sauti kubwa. Aliyeninyamazisha ni bibi mmoja Mnyarwanda, mukecuru anayekaa upande wa pili wa uwanja. Alikuja na fimbo yake, akakaa kwenye jiwe, akaongea Kiswahili chetu hiki cha Gisenyi.

"Mwalimu, mimi siku ya kwanza nilifungua redio nikasikia majina. Jina la mtu, na mahali anakaa. Nikazima. Siku ya pili nikasikia tena majina. Nikazima. Usiku sikulala."

Hakueleza zaidi. Vijana wetu wengi hawakuelewa, kwa hiyo ninaeleza mimi, kama nilivyosoma na kama nilivyosikia kwa wakubwa.

Mwaka 1993 Rwanda ilipata redio mpya iliyoitwa Radio Télévision Libre des Mille Collines, RTLM. Ilianza kusikika tarehe 8 Julai 1993. Ilikuwa na muziki mzuri, Kinyarwanda cha mtaani, vichekesho, watangazaji wanaoongea kama watu wa baa. Vijana waliipenda. Mwanzoni mtambo wake wa Kigali ulikuwa mdogo, wa wati 100 tu. Baadaye ukawekwa mwingine mkubwa zaidi, wa wati 1,000, juu ya mlima Muhe, huku kwetu kaskazini-magharibi. Mlima ule ni mrefu, na mawimbi ya FM yanakwenda kama jicho linavyoona: ukiwa juu, unafika mbali. Aliyeweka antena Muhe alijua anachofanya.

Halafu angalieni jambo hili. Mkataba kati ya redio hiyo na serikali ya wakati ule ulitiwa saini tarehe 30 Septemba 1993, redio ikiwa imeshakuwa hewani karibu miezi mitatu. Na ndani ya karatasi hiyo redio iliahidi kutotangaza kitu cha kuchochea chuki, vurugu au mgawanyiko. Iliahidi, ikasaini. Kuanzia Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, redio hiyohiyo ilikuwa inasoma majina. Majina ya watu, wanakojificha, namba za magari yao. Watu walitafutwa kwa majina yaliyosomwa redioni, wakauawa. Kigali ilipochukuliwa na RPF tarehe 4 Julai 1994, watu wa redio walikuwa wameshakimbia na mtambo wa kubebeka, wakaendelea kutangaza wakielekea huku Gisenyi, mpaka katikati ya mwezi ule Gisenyi nayo ilipochukuliwa. Kwa siku chache tu mamia ya maelfu ya watu walivuka hapa hapa kwenda Goma, wakajaa Kibumba, Katale na Mugunga. Kipindupindu kiliwaua makumi ya maelfu.

Mahakama ya Arusha iliwahukumu waliohusika na redio hiyo. Mtangazaji mmoja Mbelgiji, Georges Ruggiu, alikiri kosa akapewa miaka 12 mwaka 2000. Ferdinand Nahimana, mmoja wa walioianzisha, alihukumiwa kifungo cha maisha tarehe 3 Desemba 2003, na rufaa ya mwaka 2007 ikapunguza kuwa miaka 30. Félicien Kabuga, aliyekuwa rais wa kampuni ya redio, alijificha mpaka Mei 2020 alipokamatwa Ufaransa, na mwaka 2023 majaji wakaona uzee na ugonjwa havimruhusu tena kushtakiwa.

Kwa hiyo mtoto wetu alipokuwa anasoma "fulani mwana wa fulani, anakaa nyuma ya duka", yeye aliona kaka anamtafuta dada. Yule mukecuru aliona kitu kingine. Na tusidanganyane, hata sisi tuna la kuogopa. Kati ya watu waliosomwa kwenye vile vikaratasi wamo waliokimbia kwa sababu kuna mtu anawatafuta, na si kwa wema. FM haichagui masikio. Anayemtafuta mtoto anasikia, na anayemtafuta baba wa mtoto huyo kwa panga anasikia vilevile, awe upande huu wa mpaka au ule. Mama mmoja aliyeleta karatasi alishika kichwa nilipomwambia hivyo. Alikuwa ameandika mpaka rangi ya mlango wao.

Si kwamba kusoma majina redioni siku zote ni vibaya. Mwaka 1994 BBC ilianzisha kipindi cha Kinyarwanda na Kirundi kilichoitwa Gahuza-Miryango, maana yake kinachounganisha familia, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo aliyotaka kijana wetu: watu waliotawanyika kwenye kambi za Zaire, Tanzania na Burundi wasikie ndugu zao wako hai. Agosti ya mwaka huohuo, Bukavu, ilianza Radio Agatashya. Jina hilo ni la mbayuwayu, yule ndege mdogo. Iliwatangazia wakimbizi habari bila kuchukua upande mpaka vita vya 1996 vilipoinyamazisha. Na Ngara, Tanzania, shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera mwaka 1995. Tofauti yao na ile bidon ya njano ni kwamba walijulikana ni kina nani na wako wapi. Akikosea, unajua mlango wa kugonga. Jina la mtu linapitia kwanza mikononi mwa mtu anayeuliza: huyu amekubali kutajwa? Huyu anayemtafuta ni nani wake?

Turudi kwenye mti. Kijana aliniuliza swali zuri sana siku ya pili, nami nilishindwa kulijibu papo hapo. "Mwalimu, mti ni wa leta, sawa, nimekosa. Lakini hewa ni ya nani?"

Nilikwenda kusoma, nikarudi na jibu. Hewa ya kupumua ni ya Mungu, lakini masafa ya redio ni mali ya umma kama barabara, na barabara ina mwenye kuiangalia. Hapa Rwanda mwenye kuangalia ni RURA, mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2001. Mtu akitaka kurusha, anaomba kibali cha masafa, anaonyesha mtambo wake na mahali utakapokaa. Sheria ya teknolojia ya habari na mawasiliano ya mwaka 2016 imeendelea hivyohivyo: kurusha bila kibali ni kosa. Upande wa Kongo kazi ya masafa ni ya ARPTC. Na nchi zenyewe hazijichukulii tu. Walikaa Geneva mwaka 1984 wakagawana masafa ya FM, Afrika na Ulaya, ili redio ya huyu isimfunike yule. Mji kama wetu, Gisenyi na Goma, ambako nyumba za nchi mbili zinasikilizana mpaka majogoo, ndipo mahali ambapo mgawanyo huo unahitajika kuliko kwingine.

Na sisi wakimbizi tuna la ziada, ambalo sikulijua mpaka juzi, na nadhani hata wengi wenu hamlijui. Mkataba wa dunia wa mwaka 1951 unasema mkimbizi lazima afuate sheria za nchi aliyomo. Hilo linajulikana. Lakini uko mkataba wetu wa Afrika, ule wa OAU uliotiwa saini Addis Ababa tarehe 10 Septemba 1969. Kifungu chake cha tatu kinakataza mkimbizi kufanya uchochezi dhidi ya nchi yoyote mwanachama, na kinaitaka nchi iliyompokea izuie jambo lolote linaloweza kuleta mvutano kati ya nchi na nchi. Halafu kinataja njia zenyewe: silaha, magazeti, na redio. Redio imetajwa kwa jina lake, mstari mmoja na silaha! Nilisoma mara mbili nikidhani nimekosea.

Fikirini maana yake. Mwenyeji akikamatwa na mtambo bila kibali, ni kesi ya mtambo. Mkimbizi akikamatwa nao hatua chache kutoka mpakani, wakati nchi mbili zinaangaliana kwa jicho la pembeni, swali la kwanza hawaulizi ulikuwa na wati ngapi. Wanauliza ulikuwa unaongea na nani. Na kujibu "nilikuwa naweka kwaya" hakutoshi, kwa sababu jasusi naye angejibu hivyo. Mzee mmoja wa kambi yetu alisema, "Huyu mtoto alikuwa anacheza na moto ndani ya nyumba ya nyasi, na nyumba ni yetu sote." Maneno makali, lakini sikumpinga.

Sasa niwape na upande wa ufundi, maana vijana ndio watakaosoma hapa, nao hawapendi kuambiwa "ni kosa" bila kuelezwa kwa nini.

Ule mtambo ulikuwa wa wati 7. Bodi kama hizo zinauzwa kwa bei ya viatu, nyingine zinatoka China moja kwa moja. Kijana alichagua masafa ya 107.9. Nikamuuliza kwa nini hapo. Akasema alizungusha redio yake yote, akaona pale mwishoni pametulia, hapana mtu. Kweli pametulia kwa redio ya nyumbani! FM inaishia 108. Ukivuka hapo tu, kuanzia 108 hadi karibu 118, ni masafa ya vyombo vinavyomwongoza rubani kutafuta njia na kutua. Kuanzia 118 hadi 137 ni sauti za marubani na watu wa mnara wa uwanja. Na 121.5 ni ya kuombea msaada ndege ikiwa hatarini. Redio ya nyumbani haifiki huko, kwa hiyo sisi hatujui kama kuna watu.

Tatizo ni kwamba mtambo wa bei rahisi haurushi mahali pamoja tu. Mtambo mzuri una vichujio, vipande vinavyozuia mawimbi yasiyotakiwa yasitoke. Kwenye bodi ya bei ya viatu vichujio ni vibaya au havipo, basi sauti inamwagika pembeni, kama sufuria iliyojaa kupita kiasi inavyomwagia jiko. Unasikia kwaya yako vizuri kwenye 107.9 na unafurahi, kumbe sehemu ya kwaya hiyo imeingia kwa rubani. Uwanja wa ndege wa Goma uko ng'ambo pale, na Gisenyi ina kiwanja chake kidogo. Ukipandisha antena juu ya mti, uharibifu unapanda nayo. Kijana alipolisikia hilo alinyamaza muda mrefu. Alikuwa amejiandaa kwa lawama za sheria, lakini ndege hakuwa ameifikiria.

Hata mwenye ujuzi na nia njema anaweza kuharibu. Mwaka 2021 huko Idaho, Marekani, msitu uliwaka. Mtu mmoja mwenye leseni ya redio za kujifurahisha alikuwa na wasiwasi juu ya kilele chenye antena karibu na moto. Akaingia kwenye masafa ya wazima moto, akawa anawapa habari wao na ndege zao. Kwa macho yake alikuwa anasaidia. Lakini mazungumzo ya wazima moto si mahali pa kila mtu, sekunde moja ukimfunika mwenzako mtu anaungua. Mwaka 2022 mamlaka ya mawasiliano ya kule ilipendekeza atozwe faini ya dola 34,000. Na huyo alikuwa na leseni ya kitu kingine! Sasa fikiria asiye na leseni yoyote.

Na hapa kwetu tuna moto wetu, uko juu pale, unaonekana usiku. Walio wakubwa wanakumbuka tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilipoingia katikati ya Goma na watu wakamwagika Gisenyi. Wote mnakumbuka tarehe 22 Mei 2021. Lava ilitoka jioni bila onyo. Miezi kabla ya hapo wataalamu wa kituo cha volkano cha Goma walikuwa wamekaa bila fedha na bila intaneti ya kupokea habari za vyombo vyao. Vyombo hivyo viko mlimani, kwenye ardhi ya hifadhi, vinatuma mtikisiko wa ardhi kwa redio. Mara kadhaa watu wameiba batri na sola zake. Baada ya lava yalikuja matetemeko, siku baada ya siku. Nyumba za Gisenyi zilipasuka, Mbugangari nayo ilipasuka kuta, watu wakalala nje. Siku hizo kila mtu alishika redio sikioni: tuondoke au tubaki? Twende wapi? Siku kama hiyo ikirudi, na mtu mmoja yuko juu ya mti anarusha kwaya pembeni ya masafa ambayo wewe unasubiri habari, atakuwa amefanya nini? Simlaumu kijana kwa kitu ambacho hakikutokea. Nasema tu mahali tunapokaa si mahali pa kujaribia.

Wengine wameanza kuogopa hata redio zao za kawaida. Mama mmoja aliniletea redio yake ya batri akitaka nimfichie! Mama zangu, tulieni. Kusikiliza hakuhitaji kibali chochote. Sikilizeni Rwanda, sikilizeni Goma, sikilizeni BBC. Simu yako, spika yako ya bluetooth, kale kadude ka kwenye gari kanakopeleka muziki wa simu kwenye redio ya gari, hivyo vyote nguvu yake haivuki ua. Kipaza sauti cha kanisa nacho si redio, ingawa majirani wa kanisa moja ninalolijua wangependa kiwe kosa. Lakini redio za kuitana, zile za mkononi za kubonyeza na kuongea, hizo zinarusha, usinunue mpakani kwa sababu ni rahisi. Vilevile "boosta" ya mtandao wa simu ambayo fundi anakuja kukufungia juu ya bati, maana hiyo nayo inarusha na inawaharibia wengine mtandao. Na kitu chochote chenye waya kisifungwe kwenye mti wa barabarani, nguzo ya umeme, paa la shule au ua la zahanati bila mwenye mahali kujua. Ukiona kimefungwa, usikiguse, usikikate. Mwambie mkuu wa umudugudu, au hapa kambini mwambie mwakilishi wa kwenu.

Kuhusu kutafutana, iko njia. Msalaba Mwekundu una kazi hiyo ya kutafuta ndugu waliopotezana, wamekuwa wakiifanya tangu zamani katika eneo hili lote, bila malipo. Wanaandika habari zako, hawazitangazi mpaka ukubali, na wanauliza upande wa pili pia kama mtu huyo anataka kupatikana. Ni polepole, najua. Kijana aliniambia hivyo kwa hasira: "Mwalimu, redio inasema leo na mtu anasikia leo." Ni kweli. Mama yake alijiandikisha miezi mingi iliyopita na bado anasubiri. Sikuwa na jibu la kumpa juu ya hilo, na sitajifanya ninalo sasa.

Yaliyompata kijana ni haya. Alichukuliwa mchana ule pamoja na bidon yake, akahojiwa mpaka usiku. Mimi, mama yake na mkuu wa umudugudu tulikaa nje kwenye benchi. Huyo mkuu hakuwa na lazima ya kukaa, lakini alikaa, na alipoitwa ndani alisema anamjua mtoto huyu na familia yake. Hata mukecuru alimtuma mjukuu wake na chai kwenye chupa. Saa nne usiku kijana aliachiwa. Mtambo umebaki huko, na yeye ameambiwa arudi wakimwita. Bado hawajamwita. Kila simu ikilia nyumbani kwao wote wanasimama.

Darasani amerudi. Ameacha kukaa nyuma, sasa anakaa mbele. Jumamosi iliyopita nilimwomba awachoree wenzake ubaoni jinsi wimbi la FM linavyopita na kwa nini mlima kama Muhe unalifikisha mbali, akachora vizuri kuliko kitabu changu. Zipo redio za kijamii, Rubavu iko mojawapo, ambako sauti na mikono kama yake ingeweza kufanya kazi kwa halali siku moja, kama kesi hii haitamfuata. Nimeandika barua ya kumwombea nafasi ya kwenda kuona studio. Sijatuma bado, nasubiri kwanza nione wataamua nini.

Vile vikaratasi 23 ninavyo mimi, wala sikuvikabidhi kwa mtu yeyote. Ambaye aliandika karatasi aje darasani Jumatano baada ya saa tisa, aichukue yake kwa mkono wake. Anayetaka tutamsindikiza kwa watu wa Msalaba Mwekundu akaandikishe upya. Tafadhali njoo mwenyewe, usimtume mtoto, na usiseme jina unalolitafuta kwa sauti pale mlangoni. Yule mama wa mtoto mwenye kovu ameshakuja.